Bunia: Kadi ya grafiki isichaguliwe kwa jina, ichaguliwe kwa umeme

Bunia – Katika vyumba vidogo vya kupiga mashine, kutoa fotokopi na kutengeneza video, kandokando ya Boulevard de Libération hadi ndani ya mitaa ya Lumumba, Mudzipela na Nyakasanza, kompyuta nyingi za mezani ni za zamani. Zilifanya kazi kwanza katika ofisi za nchi za mbali, zikauzwa, zikapita Kampala ama Dubai, kisha zikafika Ituri. Leo zinachoka. Na swali ambalo mafundi wanaulizwa ni lile lile: ninunue kadi gani ya grafiki ili mashine yangu ikimbie?

Kadi ya grafiki ni kile kipande kinachochora picha kwenye skrini na kusaidia kazi nzito ya video. Vijana wanajua majina yake yote, maana wanayaona kwenye simu. Lakini swali lao linaanzia kwenye jina, na hapo ndipo pesa inapopotea. Katika mji huu, kadi nzuri ni ile ambayo boksi la umeme la mashine na umeme wa mtaa vinaweza kuibeba. Na mara nyingi jibu la kweli ni kwamba hakuna haja ya kadi kwanza.

Neno hili linawahusu hata wale wasio na kompyuta. Tangu vita viliporudi Djugu mwishoni mwa mwaka 2017, familia nyingi zimekimbilia Bunia na kandokando yake, wengine wakikaa katika site kama Kigonze, wengine wakipokelewa na ndugu. Wengi walitoka na nguo za mwilini na simu. Foto za nyumba, za ndoa, za wazazi waliokufa, nakala za diploma na za vyeti vya kuzaliwa, vyote vimepitia kwenye mashine ya mtu fulani wa mtaani aliyesaidia kuvihifadhi ama kuvitoa kwenye karatasi. Mashine hiyo ikiungua kwa sababu ya kadi iliyopachikwa vibaya, si mwenyewe peke yake anayepata hasara. Kadi inaweza kununuliwa tena. Foto ya kijiji kilichochomwa hainunuliwi.

Vijana nao wana haki yao. Harusi ya leo inapigwa kwa simu na kamera zinazotoa video nzito. Familia inataka kuona filamu yake wiki hiyo hiyo. Matanga nayo yanarekodiwa, kwa sababu kuna ndugu waliobaki Mahagi, Aru ama Kampala ambao barabara haikuwaruhusu kufika. Mashine ya zamani inapewa video ya saa moja jioni, asubuhi bado inahesabu. Jenereta inakula mafuta usiku kucha. Mteja anapiga simu, anakasirika. Kijana anayetaka kadi katika hali hiyo hatafuti michezo, anatafuta mkate.

Lakini kabla ya kutoa dola, mwenye mashine aangalie kwanza ni nini kinachoichelewesha. Windows yenyewe inaonyesha: akibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, anaona jinsi prosesa, memori na diski zinavyofanya kazi. Kama diski inabaki kwenye asilimia 100 wakati mashine imekwama, ugonjwa ni diski ya zamani inayozunguka, na kadi haitautibu. Diski ya SSD, hata ndogo ya GB 240, inaibadilisha mashine kuliko kitu kingine chochote: inawaka upesi, programu zinafunguka upesi, na inakula umeme kidogo. Kama memori imejaa, mashine yenye GB 4 iongezwe ifike GB 8 ama 16. Memori ya mashine za mwaka 2012 ni ya aina ya DDR3, na iliyotumika inaweza kuwa salama kuliko kadi iliyotumika, kwa kuwa ni rahisi kuijaribu.

Kisha kuna dawa isiyo na bei. Simu nyingi zinarekodi kwa 4K, na kwa mtindo wa kubana video unaoitwa HEVC ama H.265. Prosesa za Intel za kabla ya mwaka 2015 hazina sehemu ya kuufungua mtindo huo vizuri, ndiyo maana picha inarukaruka. Mpiga picha akiipanga simu irekodi 1080p kwa H.264, kazi inakuwa nyepesi kabla hata ya kufika kwenye mashine. Na kama video imekwisha kurekodiwa nzito, programu za bure kama Kdenlive na Shotcut zinaweza kutengeneza nakala nyepesi ya kufanyia kazi, kisha mwishoni zinarudi kwenye video ya asili. Prosesa nyingi za Intel zilizotoka kuanzia mwaka 2011 zina pia sehemu ya kubana video ndani yake, inaitwa Quick Sync. Wengi wanayo, hawajawahi kuiwasha. Wengine wanaizima bila kujua siku wanapopachika kadi mpya, kwa sababu mashine nyingi zikiona kadi zinafunga grafiki ya ndani, mpaka mtu aingie katika BIOS na kuifungua.

Kama baada ya hayo yote kazi bado ni nzito, basi kadi inastahili kufikiriwa. Hapo ndipo umeme unapoanza kusema.

Kadi inaingia kwenye tundu refu la ubao mkuu, tundu la PCI Express la x16. Kwa kanuni, tundu hilo linaweza kuipa kadi hadi wati 75. Kadi inayohitaji zaidi inaomba waya wake maalum kutoka kwenye boksi la umeme, ile alimantasio ya mafundi wa hapa. Mashine za ofisi hazikutengenezwa kwa mzigo huo. Chukua Dell OptiPlex 7010, iliyotoka mwaka 2012: ile ya umbo dogo ina boksi la wati 240, ile ndefu ina wati 275, na waya wa kadi haumo. Boksi hilo lilipimwa kwa ajili ya barua na mahesabu. Tena limekwisha kufanya kazi zaidi ya miaka 10, na boksi lililozeeka halitoi tena nguvu iliyoandikwa ubavuni mwake.

Kuna wauzaji wanaosema: hakuna shida, tutaweka waya wa kuunganisha, tutachukua umeme kutoka kwenye waya wa diski. Hapo mwenye mashine aseme hapana. Waya wa diski haukutengenezwa kulisha kadi kubwa. Unapata moto, plastiki inayeyuka, boksi linakufa, na mara nyingine linakufa pamoja na ubao na diski. Na kubadilisha boksi la Dell ama HP si jambo la kwenda sokoni na kurudi, kwa sababu mashine nyingi za ofisi zina boksi lenye umbo lake na plagi yake. La kawaida haliingii.

Kwa hiyo kwa kompyuta za namna hiyo, kanuni ni nyepesi: kadi isiyo na plagi ya waya, isiyozidi wati 75, na kama mashine ni ile nyembamba, kadi iwe fupi yenye kile kibati kifupi cha kufungia. Hata hapo, mashine nyembamba nyingine zimewekewa na kiwanda kikomo cha chini zaidi ya wati 75. Fundi asome kwanza karatasi ya mashine yenyewe.

Ndani ya kanuni hiyo, chaguo zinajulikana. GeForce GT 1030 inakula wati 30 tu na inaingia karibu kila mahali. Lakini ina matoleo mawili yenye jina moja: lenye memori ya GDDR5, na lenye DDR4 ambalo ni dhaifu sana. Muuzaji anaonyesha jina, mnunuzi atafute herufi. Na kwa mtengenezaji wa video kuna jambo kubwa zaidi: GT 1030 haina sehemu ya kubana video. Itachora skrini vizuri, lakini kazi ya usiku kucha itabaki kwa prosesa.

Radeon RX 6400 ya mwaka 2022 inakula wati 53, na kwa michezo ina nguvu. Hiyo nayo haina sehemu ya kubana video. Tena inatumia njia 4 tu za tundu, kwa hiyo kwenye mashine ya zamani inapoteza sehemu ya nguvu zake. Mtu anaweza kulipa bei ya kadi mpya na kukuta harusi inachukua muda ule ule.

GeForce GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, yenye GB 4 na wati 75, inayo sehemu ya kubana video. GTX 1650 ya mwaka 2019 inayo pia, na kwa wati zile zile ina nguvu zaidi. Lakini matoleo mengine ya 1650 yana plagi ya waya, na hayo hayafai hapa. RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka mwaka 2024, inakula wati 70 na nyingi zake hazina plagi. Ni nzuri, lakini bei yake mara nyingi itapita bei ya mashine yenyewe, na prosesa ya mwaka 2012 haiwezi kuilisha kazi ya kutosha. Kadi za Intel Arc zinadai kitu kinachoitwa Resizable BAR ili zifanye kazi vizuri, na mashine za zamani hazina. Ziachwe.

Kwa chumba cha video cha Bunia chenye mashine ndefu, yenye boksi zima na tundu linalotoa wati 75 kamili, GTX 1650 isiyo na plagi ndiyo yenye maana zaidi. GTX 1050 Ti inaifuata kama bei yake ni ya chini kweli, kwa sababu umri wake unaanza kuhesabika: NVIDIA ilitangaza mwaka 2025 kwamba kadi za kizazi hicho zimefika mwisho wa kupata programu mpya za kawaida, zibaki na marekebisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028. Microsoft nayo ilifunga matengenezo ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za mwaka 2012 hazikubaliwi na Windows 11. Mwenye kutoa pesa ajue kwamba anaongeza miaka michache kwenye uhai wa mashine ya zamani. Hainunui upya.

Skrini nayo isisahauliwe. Skrini nyingi za mji huu zina waya wa VGA, ule wa bluu wenye vidoti 15. Kadi za GeForce kuanzia kizazi cha 1050 hazitoi tena VGA. Kijana anafika nyumbani na kadi yake, hana mahali pa kuchomeka skrini. Kile kiunganishi cha bei ndogo cha kutoka DVI hakitasaidia. Inahitajika ile adapta ya HDMI kwenda VGA yenye chipu ndani yake. Ni kitu kidogo, lakini kihesabiwe kabla, pamoja na kadi.

Baada ya boksi la mashine, kuna umeme wa mtaa. Bunia inajua habari ya mtambo wa Budana kwenye mto Shari, uliojengwa zamani kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto. Inajua pia kwamba waya kupita mbele ya nyumba na umeme kufika ndani ni mambo mawili tofauti. Wengi wanaishi kwa paneli za jua, betri na jenereta. Hapo kadi ni deni linalolipwa kila siku. Wati 75 kwa saa 5 ni wati-saa 375. Betri ya kawaida ya 12V na Ah 100 inaandikwa wati-saa 1,200, lakini betri ya risasi haipaswi kumalizwa, inabaki kama 600 za kutumia. Kadi peke yake, ikifanya kazi kwa nguvu zote, inachukua zaidi ya nusu ya betri, kabla ya kuhesabu mashine, skrini na taa. Mtu mwenye betri moja asinunue kadi. Anunue betri ya pili, ama SSD, ama afikirie laptopu iliyotumika, inayobeba betri yake mwenyewe na ambayo mtu anaweza kuikimbia nayo siku mbaya ikifika. Kwa familia ambayo imehama mara mbili, hilo si jambo dogo.

Umeme wa jenereta unapanda na kushuka. Mwenye kadi mpya bila kifaa cha kutuliza umeme ni kama mtu aliyenunua pikipiki akakosa breki. Kifaa hicho kinunuliwe kwanza, kadi ifuate.

Linabaki swali la soko. Kadi nyingi zinazofika zimekwisha kutumika. Mwezi wa Septemba 2022 sarafu ya mtandaoni ya Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki, na kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikatupwa sokoni duniani kote. Si zote mbovu, lakini feni zake zimechoka. Kuna ubaya mwingine unaozidi: kadi za kughushi. Kadi ya zamani inaandikwa upya ndani, inavikwa jina la 1050 Ti, na Windows inalisoma jina hilo bila kushuku. Programu ndogo ya bure inayoitwa GPU-Z inaweza kugundua nyingi za namna hiyo. Tangu mwaka 2018 inaweka neno la onyo mbele ya jina la kadi ya uongo.

Kwa hiyo kadi ijaribiwe kabla ya kulipwa, ndani ya mashine, mbele ya macho ya mnunuzi, GPU-Z ikiwa kwenye flash, na video ikibanwa kwa nusu saa. Muuzaji akisema umeme hakuna, mnunuzi angoje umeme urudi. Barabara ya kwenda Kampala ni ndefu, na iwe kwa njia ya Mahagi ama kwa kuvuka ziwa kutoka Kasenyi, hakuna atakayeirudisha kadi mbovu kwa gharama hiyo. Katika jimbo hili watu hawahitaji kufundishwa jambo hilo. Mnunuzi wa dhahabu Mongbwalu hatoi pesa kwa rangi ya njano, anapima kwanza. Meno ya kadi ya grafiki yenyewe yamepakwa dhahabu kidogo. Kwa nini yapokelewe bila kupimwa?

Kuna wajibu kwa mafundi pia. Fundi anayeheshimu kazi yake hamwambii mteja: "Lete pesa, nitakutafutia kadi." Anamwuliza: "Ndugu, mashine yako ni ya aina gani, boksi lake lina wati ngapi, umeme wako unatoka wapi, na kazi yako ni ipi?" Maswali manne hayo hayachukui dakika 5. Yanaweza kumwokolea mtu kipato cha miezi mingi.

Na wale wanaotoa msaada wa kompyuta kwa vijana wa site, kwa nia nzuri kabisa, wangefaa kuanza na maswali yale yale. Mashine yenye nguvu mahali pasipo umeme inageuka meza. Mashine ndogo yenye SSD, memori ya kutosha, paneli na betri inayolingana nayo itafundisha vijana wengi kukata video, kuandika na kuchapa, kila siku, bila kungoja mafuta.

La mwisho ndilo linalopaswa kuwa la kwanza siku ya kazi. Kabla fundi hajafungua kifuniko, foto na nyaraka za watu zinakiliwe kwenye diski nyingine, na diski hiyo iwekwe nyumba nyingine. Familia iliyoacha foto zake kwa mtu wa mtaani isione haya kumwendea na kusema: "Yaya, tunaomba nakala yetu kwenye flash." Ni haki yake. Na mwenye mashine asikasirike. Anasaidiwa kubeba mzigo ambao peke yake ni mzito.

Kadi itazeeka, kama mashine ilivyozeeka. Harusi zitaendelea, na amani ikiruhusu zitakuwa nyingi zaidi. Kijana wa Bunia anayechagua kadi kwa kufuata umeme wake atakuwepo mwaka ujao na chumba chake wazi, mteja akija. Aliyechagua kwa jina anaweza kubaki na boksi zuri la karatasi juu ya kabati, na mashine isiyowaka.